Sanduku Moja, Kompyuta Tatu

Faili la Blaise Bisimwa lilitakiwa kufika mahakamani saa nane mchana. Saa mbili asubuhi Inspekta Nafuna alikuwa bado amelifungua mezani, akilipitia karatasi kwa karatasi kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Lilikuwa faili jembamba, na hilo peke yake lilimkera. Mtu hashtakiwi kwa kuua kwa karatasi tisa.

Karatasi zenyewe zilisema hivi. Blaise, fundi wa kompyuta kutoka Bukavu, alikuwa akiishi Namuwongo, Kampala, hatua chache kutoka relini. Vera Khaemba, binti wa Kikenya wa miaka ishirini na sita, alifukuzwa na baba yake huko Makindye kwa sababu ya huyo Blaise, akaenda kukaa naye. Wiki saba baadaye, siku ya Alhamisi, majirani walimbeba Vera ndani ya blanketi kumpeleka hospitali ya Mulago, akakata roho njiani. Daktari aliandika kwamba mimba changa ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, ikapasuka, na damu ikavuja kwa ndani. Kama kuna dawa yoyote aliyonyweshwa kabla ya hapo, daktari aliandika maneno mawili tu: "Siwezi kusema."

Mzee Khaemba aliyadaka maneno hayo mawili akayafanya mashtaka. Fundi, alidai, alimpa binti yake vidonge vya kutoa mimba. Tena Vera alipofaulu kuandika barua pepe nyumbani kuomba msaada, fundi huyo huyo aliifuta kabla haijasomwa. Si ndiye aliyewawekea barua pepe ya nyumba nzima? Neno la siri alikuwa nalo.

Kwamba barua iliandikwa, Nafuna hakuwa na shaka. Mwanamke mwenye kafe ya intaneti ya Namuwongo alikuwa na daftari lake. Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Vera alikaa kwenye kompyuta ya dirishani, mkono mmoja tumboni, akasaidiwa kufungua anwani mpya, akaandika kwenda kwao. Simu hakuwa nayo, na laini ya simu ya mama yake ilivunjwa vipande viwili na Mzee Khaemba siku aliyomfukuza binti. Neno la siri la ile anwani mpya Vera alikufa nalo. Huko Makindye baba, mama na mdogo wake Wanyama walikuwa wameapa, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba barua haikufika.

Ikipatikana, barua hiyo ingesema yenyewe kama Blaise aliua au hakuua. Isipopatikana, kijana angesimama kizimbani na neno la Khaemba shingoni.

"Mukiibi!" Nafuna aliita. "Njoo unisomee maelezo ya jirani."

Konstebo Mukiibi alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote kituoni, kwa hiyo maelezo karibu yote yalipita mikononi mwake. Tatizo lake lilikuwa moja. Depo, chuoni kwa polisi, enzi za ujana wake, alizungushwa uwanja mzima na tofali kichwani kwa kosa la kusema "habali" na "hatali", na tangu siku hiyo kalamu yake ikipata shaka huweka R. Mdomo ulibaki wa Kiganda, ila kalamu ilitubu.

Akavaa miwani, akasoma. "'Jirani aitwaye Huguette, muuza vitenge, anasema Bisimwa na marehemu walikuwa wakigombana juu ya mahari.' Kweri kabisa, afande. Kira wiki. Mwanamke anataka, mwanaume anasema ngoja kwanza."

"Huguette alisema mahari? Ya kulipa kwa wazazi?"

"Hiyo hiyo, afande. Mahali."

"Mahali gani, Mukiibi?"

Konstebo akaanza kujibu, akasita. "Nyumba yao inaingia maji, afande. Mwanamke alikuwa anataka wahame, waende juu kidogo, mbali na leri. Mahali ingine ya kukaa."

"Na hapo umeandika nini?"

Mukiibi akautazama mwandiko wake mzuri kwa muda. "Banange, jamani," alisema polepole.

Kwa herufi moja kijana wa watu alikuwa amepewa sababu ya kuua. Hasira ilimpanda Nafuna, lakini uso wa mzee yule ulikuwa umekwisha kujiadhibu wenyewe, akaimeza. Alimwambia akate mstari, aandike neno sahihi juu yake na kutia sahihi pembeni. Kisha akachukua ufunguo wa mahabusu.

*

Blaise Bisimwa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, viatu visivyo na kamba vimepangwa vizuri kando yake. Walimkamatia mlangoni mwa chumba cha maiti, siku aliyorudi kutoka kazini Mbarara na kwenda kuomba mwili wa mkewe. Yeye alimwita mkewe, hata kama faili halikumwita hivyo.

"Blaise," Nafuna alisema, akichuchumaa ili macho yao yalingane, "nieleze hiyo barua pepe ya Makindye. Si paswadi. Nieleze inavyofanya kazi, kama unamweleza mama yako."

Kijana akamtazama kana kwamba hakuamini swali. "Mama, siku kumi na moya niko hapa, hakuna mutu aliniuliza ile."

"Mimi nakuuliza."

"Bon. Kule kwa papa Khaemba kuko sanduku moya tu ku internet. Anwani moya ya familia. Lakini mashini iko tatu. Ya Wanyama mu chumba ya biashara, ya mama pa meza ya kulia, na ya Vera mu chumba yake. Zote zinaenda kuchota mu ile sanduku moya." Alichora mistari mitatu sakafuni kwa kidole. "Ile mbili, ya Wanyama na ya mama, niliziambia zichukue kopi tu. Barua yenyewe inabakia mu sanduku, mwenzake naye akuje aione. Unaelewa?"

"Naelewa. Kila mtu anasoma, barua haitoki."

"Njo vile. Sasa, sanduku iko kidogo. Ikijaa, inakataa barua mupya. Njo nikaweka mashini moya ikuwe inabeba barua yenyewe, inafagia. Ya Vera, sababu yeye iko na uangalifu. Kila jioni, wote bakiisha kusoma, anabonyeza, sanduku inabakia mweupe, haina kitu."

"Kwa mkono wake, kila jioni."

"Mwanzo, ndiyo."

"Na baadaye?" Nafuna aliuliza.

"Mi nilikuwa namuandikia ku ile sanduku ya nyumba," Blaise alisema. "Hakuwa na ingine. Baba yake akaanza kushuku. Wiki ya mwisho mbele ya kufukuzwa, nikamuonesha ujanja. Weka mashini yako ikuwe inaenda yenyewe, kila dakika tano, usiku na mchana. Barua yangu ikiingia tu, inaruka kwako. Bengine hawaoni kitu."

"Na barua za wengine?"

"Nazo zinaruka. Si zote. Ya Wanyama ikitangulia, anapata. Ikichelewa, hapana. Tulisema ni siku mbili tatu tu, mpaka nikuje kujitambulisha kwa wazee." Kisha kidole chake kikasimama juu ya mstari wa tatu aliochora, na Nafuna akaona rangi inamtoka usoni. "Mama. Ile mashini ya Vera, nani aliizima?"

"Unauliza kama ilizimwa?"

"Hapana. Mutu akihama, bantu ya nyumba banazima vyombo vyake, si vile? Mi nilijua ilizimwa. Nauliza ni nani aliizima. Wewe uliza tu ile."

"Mbona hukuyasema haya kwenye maelezo yako?"

"Muzee Mukiibi aliniuliza kama najua password. Nikasema najua. Akafunga kitabu."

*

Saa nne Nafuna na Mukiibi walikuwa Makindye. Nyumba ya Khaemba ilikuwa ya ghorofa moja, ukuta mweupe, na juu ya paa mabamba mawili ya kukusanya jua. Mzee Khaemba alikuwa akiuza betri na inveta za umeme wa akiba pale mjini, na mwaka ule wa 2005 mgao wa umeme ulikuwa umemfanya mtu wa kutafutwa. Aliwapokea barazani, mrefu, ndevu hazijanyolewa tangu msiba. Viti vya waombolezaji vilikuwa bado uani, vingi vikiwa vitupu. Siku ya kumi na mbili sasa mwili ulikuwa Mulago, na kwao Bungoma hakuna aliyeambiwa achimbe kaburi.

"Madam, nilidhani leo ni siku ya korti," alisema.

"Ni saa nane, Mzee. Bado nina maswali mawili matatu. Na mwili, mmeamua lini mtasafiri?"

"Nilishasema. Alitoka hapa kwa miguu yake kufuata mwanaume ambaye hajaleta hata kuku. Amzike aliyemchukua. Kwangu hana mahali."

Mukiibi, aliyekuwa ameshika daftari, aliinua kichwa kwa neno hilo, akakiinamisha tena.

Ndani, mkewe alikuwa ameketi kwenye meza ya kulia mbele ya kompyuta. Jina lake Nerima, lakini tangu alipomzaa mtoto wake wa kwanza mtaa mzima ulimwita Mama Vera, na hakuna aliyejua amwite nani sasa. Wanyama, kijana wake wa pili, alisimama nyuma ya kiti chake.

"Mama Vera, pole," Nafuna alisema, na jina likamkwaruza mwenyewe alipolitamka. "Hii ndiyo unayosomea barua?"

"Hii. Yeye ndiye alinifundisha." Nerima aliweka kidole juu ya kipanya bila kukisogeza. "'Bonyeza hapa, Mama, halafu ngoja.' Basi nimengoja. Asubuhi, saa sita, jioni. Wiki saba. Inaniambia hakuna barua. Na wewe unasema aliandika. Kama aliandika, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa hapa."

"Hata Jumanne ile?"

"Jumanne nilifungua saa nne kamili, nikafungua tena saa tano. Hakuna. Mwenyewe nilimwandikia, hakunijibu. Nikasema ana hasira na mimi, kwa sababu siku ile baba yake akipiga kelele mimi nilinyamaza."

"Ulimwandikia kwenye anwani gani?"

Nerima alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mumewe. "Si hii yetu ya nyumbani? Kwani tuna ingine? Nilijua atafungua huko aliko, aone."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Nafuna akatamani fundi awe mwongo. Akamgeukia Wanyama.

"Kijana, barua zenu za biashara zimekuwaje?"

"Mbaya, Madam. Ingine inafika, ingine haifiki. Mtu wa Nairobi anatuma orodha ya betri mara tatu, napata moja. Nilikuwa naandika kila lalamiko mahali."

"Ni huyo Mkongo!" Khaemba aliingilia. "Nilipomfukuza binti, yeye akaanza kutuharibia kwa kisasi. Niliwaambia."

"Nione hilo daftari."

Wanyama alilileta. Nafuna akafuata tarehe kwa ncha ya kalamu. Vera alifukuzwa tarehe kumi na nne, mwezi wa pili. Lalamiko la kwanza lilikuwa la tarehe tisa.

"Mzee, kisasi chake kilianza siku tano kabla hujamfukuza?"

Nafuna akaandika tarehe zote mbili. Mpaka hapo fundi alikuwa amesema kweli, na kilibaki kipande kimoja cha kuhakikisha.

"Umeme ukikatika, hizi kompyuta hufanya nini?"

"Kwangu haukatiki," Khaemba alisema, na hata katika msiba ule fahari kidogo ilimponyoka. "Makindye nzima ikizama gizani, hapa panawaka. Tangu mwaka juzi nyumba hii haijazimika hata dakika moja."

"Nyaya zote zinakutana wapi?"

Wanyama aliwapeleka kwenye korido. Ukutani, juu kidogo ya swichi, kulikuwa na kisanduku cha plastiki kilichoingiwa na nyaya za kijivu. Mbele yake kulikuwa na taa tatu ndogo za kijani, zikipepesa kila moja kwa wakati wake.

"Taa hizi ni za nini?"

"Kila taa ni kompyuta moja iliyo hai, Madam."

"Kazime yako."

Wanyama akaingia chumba cha biashara. Taa ya kwanza ikafa.

"Mama Vera, tafadhali, na yako."

Walisikia kiti kikisogezwa, kisha kimya. Taa ya pili ikafa. Mama akaja akasimama nao, na wote watano wakaitazama ya tatu. Iliwaka. Ikapumzika. Ikawaka tena.

Nafuna alifuata waya wake kwa mkono. Ulishuka ukutani, ukapita juu ya ubao wa chini ya ukuta, hatua nne, tano, ukaingia chini ya mlango wa bluu uliokuwa na kufuli la shaba. Aliinama akaweka sikio kwenye ubao. Ndani kulikuwa na mvumo mdogo wa feni, usiokoma.

"Nani alilifunga kufuli hili?"

Khaemba alikuwa ameweka mkono kwenye mfuko wa suruali, na funguo zilisikika.

"Chumba hicho hakifunguliwi," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu atoke. Nilifunga saa ile ile, na sahani yake ya chakula ikiwa mezani. Nilisema mtu yeyote wa nyumba hii asiingie humo. Hakuna aliyeingia."

"Naamini, Mzee. Sasa nisikilize. Sikuja na kibali cha upekuzi. Naweza kwenda mjini kukifuata, nirudi saa tisa. Saa tisa yule kijana atakuwa kwenye gari la gereza la Luzira, na barua ya mwanao itakuwa humu ndani inalindwa na wewe."

Khaemba hakusogea. Ni Nerima aliyesogea. Alisimama mbele ya mumewe, mfupi, kitambaa cha msiba kichwani, akamnyooshea kiganja kitupu. Walitazamana hivyo, watu wawili waliolala kitanda kimoja miaka thelathini, mpaka mkono wa Khaemba ukatoka mfukoni na funguo zikaanguka kiganjani mwa mkewe.

*

Chumba kilikuwa na joto la mashine. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya kitanda kilichotandikwa, juu ya kitana, juu ya kandambili zilizoachwa zikielekea mlangoni. Dirishani, juu ya meza ndogo, kompyuta ilikuwa ikivuma na kioo chake kikiwa cheusi.

"Mukiibi, andika saa," Nafuna alisema. "Saa nne na dakika arobaini na tano. Waliopo: wazazi, Wanyama, mimi na wewe. Wanyama, simama karibu uone kila ninachofanya."

Alisogeza kipanya kwa ncha ya kalamu. Kioo kikawaka.

Barua zilikuwa zimejipanga toka juu hadi chini, nyingi kiasi kwamba ukurasa haukuzitosha, na zote zilikuwa za maandishi meusi mazito, yaani hakuna aliyezifungua. Orodha za betri za Nairobi zilikuwa hapo. Matangazo yalikuwa hapo. Na kila baada ya barua chache jina la mtumaji lilikuwa *Familia ya Khaemba*, na kichwa cha barua kilikuwa kile kile: *Kwa Vera*. *Kwa Vera*. *Kwa Vera*. Nafuna alizihesabu bila kutaka. Zilikuwa kumi na moja.

Nerima alizitambua kabla hajaambiwa. "Ni zangu," alisema. "Zote ni zangu. Zilikuja huku?"

"Zilikuja huku, Mama. Mashine hii ilikuwa inazoa kila kinachoingia, kila dakika tano. Yeye mwenyewe aliipanga hivyo, siku za mwisho alipokuwa hapa, ili barua za Blaise zisionekane. Hakupata nafasi ya kuipangua."

Alishuka hadi Jumanne. Saa nne na dakika thelathini, kati ya barua mbili za *Kwa Vera*, ilikaa moja kutoka anwani isiyojulikana. Kichwa chake kilikuwa *Kwa Mama*.

Wanyama alitoa sauti kama mtu aliyejigonga. Nafuna alitakiwa kuisoma mwenyewe, hiyo ndiyo kanuni. Alivuta kiti, akamkalisha Nerima, akabonyeza.

Mama alisoma kwa sauti, pole pole, kidole kikifuata mistari kwenye kioo kama alivyofundishwa.

"'Mama, ni mimi Vera. Tumbo linaniuma leo siku ya tatu, upande wa kulia. Kliniki ya hapa wamesema ni malaria, wamenipa vidonge, lakini haliachi. Nina mimba Mama. Hata Blaise sijamwambia, nilitaka nimwambie akirudi. Yuko vijijini huko Mbarara kwa kazi, simu haishiki, anarudi Ijumaa. Usimlaumu, ananitunza vizuri. Ni mimi tu naogopa kulala peke yangu. Njoo unichukue. Ukifika Namuwongo uliza Huguette wa vitenge, wote wanamjua. Muulize Baba kama bado kuna mahali pangu hapo nyumbani. Akikataa wewe njoo tu nikuone. Najua utaisoma leo leo, wewe huwezi kula kabla hujafungua imeli. Vera.'"

Alifika mwisho, akarudi juu, akaanza tena bila sauti. Alipofika katikati machozi yalimzuia kuona, lakini kidole kiliendelea kutembea. Nafuna alimshika bega. Alikuwa ameona maiti nyingi kazini na hakulia, ila pale macho yalimchoma, na hakujali nani anamwona.

Alitoka koridoni na simu yake, akampigia mkuu wa kituo. "Afande, zuia faili la Bisimwa. Ndiyo, lote. Hakujua hata kama ni mimba. Vidonge ni vya malaria, vya kliniki. Ninayo barua, kwa mkono wa marehemu mwenyewe. Mtoe kijana mahabusu umpe chai, na asiambiwe kitu mpaka nifike. Nitamwambia mimi." Alijua Blaise atamuuliza swali moja tu, lile lile la asubuhi, nani aliizima ile mashine, na alijua jibu lake, kwamba hakuna, litamrudisha sakafuni kwa uzito unaozidi pingu.

Aliporudi, Wanyama alikuwa akisubiri amri.

"Chomoa waya wa ukutani," Nafuna alimwambia. "Kompyuta hii ni kielelezo sasa, isipokee kitu kingine."

Kwenye korido taa ya tatu ikazimika.

Mzee Khaemba hakuwa ameingia chumbani. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, magoti juu, mtu mrefu aliyekunjika hadi akawa kama mtoto aliyefungiwa nje. Kufuli la shaba lilikuwa mkononi mwake, akiligeuza na kuligeuza.

"Kila siku nilikuwa napita mlango huu," alisema. "Nasikia ile feni. Usiku nikiamka kwenda haja naisikia. Nikajua ni betri zangu, nikafurahi zinafanya kazi."

Nerima alikuwa bado amempa mgongo, uso kwenye kioo.

"Madam, maelezo yangu ya kwanza nayafuta," Khaemba alisema tena. "Andikeni mengine. Huyo kijana hakuua mtu. Mlango nilifunga mimi." Akaliweka kufuli sakafuni. "Na andikeni kwamba nitampeleka Vera Bungoma. Ndani ya boma langu, karibu na kaburi la mama yangu, si pembeni. Kijana naye akitaka kuja, aje. Vera aliuliza kama kuna mahali. Kuna mahali."

Mukiibi alikuwa amepiga goti moja koridoni, daftari juu ya paja, akiandika neno kwa neno kwa ule mwandiko wake mzuri. Alifika kwenye neno la mwisho, na kalamu ikasimama hewani. Alimwinulia Nafuna macho yaliyolowa.

"Afande," alinong'ona. "Hii ni ya L?"

"Ni ya L, Mzee wangu," Nafuna alisema. "Andika vizuri."